Kompyuta ya Mama Nestori

Mwalimu Kipriani Ntahondi alifundisha hesabu miaka thelathini na minne katika shule za msingi za Kasulu, na kama kuna kitu alichokuwa nacho kwa wingi kuliko chaki, kilikuwa uhakika. Jibu alikuwa nalo kabla swali halijaisha. Ndiyo maana ile Alhamisi ya Novemba 2015, kompyuta ilipomwambia kwamba amekosea, alidhani iliyokosea ni kompyuta.

Ilikuwa kompyuta ya mezani, mtumba, yenye kioo cha kichogo kama televisheni za zamani. Tangu mwezi wa sita ilikaa pembeni mwa sebule ikiwa imefunikwa kitambaa cha kufuma, kama mgonjwa asiyetaka kuonwa. Mwalimu alikivua kitambaa, akakikunja mara nne, akabonyeza pale alipokuwa akimwona mkwe wake akibonyeza, akakaa kusubiri huku mikono ikiwa magotini. Mashine ikaunguruma, ikafikiri sana, kisha ikaleta kioo cha buluu chenye jina moja katikati: NYUMBANI. Chini ya jina kulikuwa na kisanduku cheupe, kitupu, kikidai neno la siri.

Mwalimu hakuwa na habari kwamba nyumbani kwake kuna neno la siri.

Alichokuwa akikitaka humo ndani kilikuwa picha moja tu. Jumapili ilikuwa misa ya mwaka mmoja tangu amzike mkewe, Melania, ambaye mtaa mzima wa Murubona ulimjua kama Mama Nestori. Katekista alikwisha kupita kukumbusha: picha ya marehemu mbele ya altare, na mshumaa kando yake. Nje ya kompyuta ile, picha ya Mama Nestori iliyobaki ilikuwa ya kadi ya mpiga kura, na katika kadi ile mama wa watu alionekana kama mtu aliyekamatwa na kuku asiye wake. Huwezi kumweka mkeo mbele ya altare katika hali hiyo, hata kama mlikuwa mnagombana.

Picha nzuri zote zilikuwa zimepigwa kwa simu ya Esteri, mke wa mtoto wao wa pekee, Nestori. Nestori alikuwa Geita, kwenye machimbo, na ndiye aliyeituma kompyuta kwa lori la mbao ili mama yake awe anaangalia picha badala ya kuangalia barabara. Esteri alikuwa akizihamisha picha kutoka kwenye simu, na kila jioni, vyombo vikishaoshwa, aliiwasha mashine, wakakaa wawili mbele yake, mkwe na mama mkwe, wakicheka mambo yao. Mwalimu alikaa upande wa redio. Kompyuta aliiita televisheni isiyo na taarifa ya habari, na hakuwahi kuigusa.

Sasa aliigusa, nayo haikumtaka.

Kando ya kisanduku kulikuwa na alama ndogo ya kuuliza. Akaibonyeza, na kompyuta ikamnong'oneza kidokezo alichokiacha aliyeifunga: *jina la baba*.

Mwalimu akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Katika nyumba ile baba alikuwa mmoja. Akaandika Kipriani kwa kidole kimoja, akiisaka kila herufi kama anayeokota mchele. Kompyuta ikakataa. Akaandika kwa herufi kubwa zote, kisha kwa ndogo zote, kisha akaongeza Ntahondi, kisha akatanguliza Mwalimu, kwa kuwa heshima haina hasara. Zote ikazikataa, kwa maneno yaleyale na utulivu uleule, tabia ambayo Mwalimu aliijua vizuri, maana ndiyo aliyokuwa akiitumia yeye kwa watoto wa darasa la nne.

Akawaza, labda ni baba yake Esteri. Akaandika Ndayiragije. Haikukubali. Mkono ukaenda wenyewe kwenye paji la uso, kwa jina la Baba, na la Mwana, na papo hapo akapata wazo ambalo padri asingelipenda. Akajaribu Mungu. Akajaribu Yehova, ingawa ni neno la watu wa kanisa jingine. Kompyuta haikuwa na dini.

Jioni akampigia Nestori. Walikuwa wakipigiana mara moja kwa mwezi siku hizi, simu fupi za mvua na afya. Nestori akasema yeye hajui, aliyeweka ni Esteri, aliweka baada ya watoto wa jirani kuingia kucheza gemu wakafuta picha za Pasaka. Akasema pia kwamba kadi ya ile simu ilikufa zamani, kwa hiyo picha ziko humo tu.

"Mpigie, Baba," akasema. "Namba yake unayo."

Namba alikuwa nayo. Kilichokosekana ni uso wa kuipigia.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Mwezi wa tano, watu walipoanza tena kumiminika kutoka Burundi, alikuja mlangoni binamu wa Esteri, binti aliyeitwa Ndayikeza, mtoto mgongoni, miguu imevimba. Wazazi wa Esteri nao walivuka vivyo hivyo mwaka 1972. Esteri mwenyewe alizaliwa Kibondo, akasoma Kibondo, akapewa uraia pamoja na wenziwe, na Kiha chake kilikuwa safi kuliko cha mwenyekiti wa mtaa. Ndayikeza akalala siku tatu. Siku ya nne, mezani, Mwalimu akasema, kwa sauti yake ya darasani ambayo haikuwa na kitufe cha kupunguza, kwamba nyumba yake si kambi, na wakimbizi wana mahali pao. Alisema wakimbizi. Hakusema mkimbizi.

Esteri alikuwa ameshika bakuli la maharage. Akaliweka mezani taratibu, akamwekea Mwalimu maji ya kunawa, akatoka. Asubuhi alimsindikiza Ndayikeza mpaka kambi ya Nyarugusu. Wiki iliyofuata alifungasha, akaaga kwa kupiga goti kama inavyotakiwa, akapanda basi la Kibondo kwa mama yake. Kambi ya Nduta, hukohuko Kibondo, ilipofunguliwa tena mwezi wa kumi, akapata kazi huko ya kutafsiri. Nestori alimwambia baba yake sentensi moja tu: "Hapo, mzee, ulivuka mpaka."

Tangu siku hiyo Mwalimu alipika mwenyewe. Alipika ugali wa watu watatu, kwa kuwa mkono haukujua kipimo kingine, na wa watu wawili akawapa kuku. Kuku wa Mwalimu Kipriani walinenepa mwaka ule kuliko kuku wowote wa Murubona.

Ijumaa baada ya swala akaja Nurudini, mwenye duka la picha na fotokopi pale karibu na stendi. Aliwahi kufundishwa na Mwalimu, na alikuwa na alama ya fimbo aliyokuwa akiwaonyesha wateja kama cheti. Aliamkia, akaomba maji, akaichungulia kompyuta kama daktari anayetaka kwanza kumwona mgonjwa akitoa ulimi.

Alianza na kibodi. Akaangalia kama kitaa cha herufi kubwa kimewaka bila mtu kujua, maana hicho, alisema, kimeshavunja ndoa. Hakikuwaka. Akabonyeza kila herufi kuona kama ipo iliyokufa. Zote zilikuwa hai. Akaizima mashine, akaiwasha huku akigongagonga kitufe kimoja cha juu, mpaka kikaja kioo cheusi chenye maandishi meupe, na Mwalimu akasogeza kiti nyuma. Nurudini akaeleza kwamba kila kompyuta ina mlango wa uani, wa bosi, na mara nyingi watu husahau kuufunga. Aliyeiuza Geita hakuwa amesahau. Mlango wa uani nao ulidai neno lake, na mwenye neno hilo hakuna aliyemjua.

Akataka kuingiza CD ya kuvunjia kufuli. Mlango wa CD ulikuwa umemeza diski ya kwaya mwaka juzi, ukakataa kufunguka tangu hapo.

"Naweza kung'oa diski yenyewe nikaisomee dukani," akasema, akifungua kiuno cha mashine kwa bisibisi na kupuliza vumbi. Kisha akachungulia, akaguna. Diski ilikuwa ya aina ya zamani, yenye waya mpana kama mkanda wa suruali. Waya huo dukani hakuwa nao. Ungetoka Kigoma mjini, Jumanne.

"Misa ni Jumapili."

"Basi kuna kupiga windo upya, yaani kuifuta mashine na kuianza mwanzo. Nusu saa tu, itafunguka. Lakini mimi zikinipotea picha za Mama Nestori sitalala, Mwalimu. Yule ndiye aliyekuwa akinipa andazi ukishanichapa."

Mwalimu hakuwa na habari ya andazi. Ilikuwa siri ya pili kwa siku mbili.

Nurudini akafunga skrubu moja moja. Akauliza, bila kumtazama, aliyeweka neno la siri yuko wapi. Mwalimu akasema Kibondo. Nurudini akauliza kama Kibondo siku hizi simu hazifiki. Mwalimu akasema zinafika.

"Ulitufundisha mtihanini tuanze na swali jepesi," akasema Nurudini, akivaa kofia yake ya pikipiki. "Mimi nimekufanyia magumu yote. Jepesi nimekuachia." Akaweka flashi ndogo juu ya meza, ikifunguka aitwe, akaondoka.

Mwalimu hakupiga siku hiyo. Alikaa mbele ya kioo cha buluu mpaka umeme ukakatika na kile kisanduku cha kutunzia umeme kikaanza kulia piii, piii, kama kifaranga kilichoachwa. Alikiacha kilie. Kilikuwa sauti, na nyumba ile sauti zilikuwa zimekwisha. Hata redio alikuwa akiizima siku hizi, kwa kuwa hakukuwa na wa kumwambia nyamaza taarifa inaanza.

Jumamosi saa nne akapiga. Alisimama kupiga, akiwa amevaa koti.

Ikapokelewa mlio wa pili. Nyuma yake kulikuwa na makelele ya watu wengi, na kipaza sauti kikisoma majina kwa Kirundi, jina, kimya, jina, kimya.

"Shikamoo, Baba."

Akaitikia. Wakaulizana habari za nyumbani, za mvua, za maharage, kama yameshapandwa, na mbuzi mweupe, kama amezaa. Mbuzi alikuwa amezaa. Mwalimu hakukumbuka kama aliwahi kuzungumza na Esteri maneno mengi hivyo kwa mara moja; katika nyumba yenye adabu, mkwe na baba mkwe hupeana njia, si stori, na mengi yalikuwa yakipita kwa Mama Nestori kama barua kwa posta. Posta ilipofungwa, hakuna aliyejua barua zipelekwe wapi.

Kisha akasema shida yake. Akasema kidokezo amekiona, na jina lake amekwisha kuliandika kwa kila namna, mashine ni mbovu.

Kipaza sauti kikasoma majina matatu.

"Baba, jina lako mimi nisingeliandika," akasema. "Ulinikataza."

Ikamjia. Wiki ya pili tangu aolewe, mwaka 2009, Esteri alipokea bahasha ya mafao mlangoni, akasoma kwa sauti jina lililoandikwa juu yake. Kwa Waha walioshika ya zamani, mke hatamki jina la baba mkwe. Wengi siku hizi wameliacha hilo, lakini Mwalimu aliyaacha machache. Alimwita sebuleni akamweleza kwamba jina lile halipiti kinywani mwa mke wa mwanawe. Akaongeza, kwa kuwa alikuwa mwalimu na hapendi mwanya, wala kwenye kalamu. Binti akapiga goti, akasema amesikia. Kumbe alisikia kweli. Miaka sita baadaye, peke yake na mashine, mahali ambapo hakuna mtu angejua, aliliruka jina la baba mkwe wake kama mtu anavyoliruka kaburi.

"Sasa uliandika nini?"

"Lile tulilokuwa tunakuita sisi. Mimi na Mama."

"Mlikuwa mnaniita nani?"

"Baba, siwezi kulitamka." Na kwa mara ya kwanza sauti yake ikawa na kitu kama kicheko kilichozibwa kwa kanga. "Nitakuandikia meseji."

Hapo ndipo palikuwa mahali pa neno la samahani. Mwalimu alijua. Hata asiyejua kusoma angelijua, lilikuwa limeandikwa ubaoni. Koo lilikuwa tayari, koti limevaliwa.

"Ni picha tu, Baba?" akauliza Esteri.

Kipaza sauti kikasoma jina. Kimya. Jina.

"Ni picha tu."

"Haya, Baba. Ngoja."

Meseji ikaingia baada ya dakika tano. *kengele. herufi ndogo zote. Samahani sana Baba.*

Alisoma akiwa amesimama. Kengele. Akakumbuka namna alivyokuwa akipita kila alfajiri akigonga milango yote ya nyumba, mlango wa chumba, mlango wa jiko, hadi banda la mbuzi, kwamba kumekucha. Namna alivyokuwa akitangaza saa ya chakula wakati chakula kiko mbele yake. Akakumbuka vicheko vya jioni vilivyokuwa vikikatika ghafla akikohoa. Miaka mitano ameitwa Kengele chini ya bati alilolinunua mwenyewe, na mke wake mwenyewe. Alitafuta hasira akaikosa. Alichokipata kilikuwa wivu: walikuwa na nyumba ndani ya nyumba yake, na humo ndimo mlimokuwa na moto.

Akaandika kengele. Mashine ikapiga muziki mdogo ikafunguka, bila kinyongo.

Humo ndani kulikuwa na kabrasha moja lililoandikwa MAMA. Nurudini alipofika saa nane kwa ajili ya flashi, alimkuta Mwalimu bado anaangalia. Mama Nestori akipepeta maharage. Mama Nestori na mbuzi. Mama Nestori amelala kwenye mkeka mdomo wazi, picha ambayo lazima ilipigwa kwa wizi. Na moja, uani, amekaa kwenye kigoda, kilemba kimeenda upande, anacheka mpaka macho hayaonekani. Mwalimu aliishi na mwanamke yule miaka thelathini na tisa, na kicheko kile hakukijua. Hakikuwa cha kwake. Mama Nestori alikuwa akimcheka mtu aliyesimama nyuma ya simu, na jua la jioni lilikuwa limemlaza mtu huyo chini, kivuli kirefu chembamba, kichwa chake kikiishia miguuni pa mama.

Wakachagua hiyo. Dukani, Nurudini akaikuza kwenye kioo, akasema kivuli kile kinaharibu, anaweza kukifuta, dakika mbili, pabaki udongo mtupu.

"Kiache," akasema Mwalimu.

"Watauliza ni nani."

"Waulize."

Na waliuliza. Jumapili, baada ya misa, wanawake wa jumuiya waliizunguka picha, wakasema Melania ametoka kama alivyokuwa, wakauliza nani fundi wa picha hii. Mwalimu akasema ni mkwe wake, mke wa Nestori. Mmoja akauliza mbona hakuja. Mwalimu akasema yuko kazini Kibondo, watu ni wengi, wanaingia kila siku kwa mabasi. Yote yalikuwa kweli, na aliyasema bila kutetemeka, kama mtu anayemaliza hesabu kwa kuruka mstari mmoja katikati. Wakala wali na nyama uani kwake, wakaosha vyombo, wakavipanga mahali ambapo si pake, wakaaga. Saa kumi nyumba ilikuwa kimya, na picha iko juu ya kompyuta, ikimcheka mtu mwingine.

Akachukua simu akapiga.

"Namba unayopiga haipatikani kwa sasa," ikasema sauti ya yule dada wa mtandao.

Huko Nduta mtandao ulikuwa wa kuja na kuondoka kama mvua za mwanzo, jambo hilo alilijua. Angeweza kukata. Lakini mdomo ulikuwa umekwisha kufunguka, na pengine ilikuwa rahisi zaidi kwa mtu asiyekuwapo.

"Esteri," akasema. "Siku ile ya Ndayikeza, mezani. Nilikosea. Ile nyumba ilikuwa yako pia. Nisamehe, mwanangu."

Dada wa mtandao akarudia maneno yake kwa Kiingereza. Mwalimu akamsikiliza mpaka mwisho, kwa kuwa hakuwahi kumkatiza mtu anayezungumza. Simu ikakatika yenyewe. Akaitazama, akaifuta kioo kwa mkono wa koti, akapiga tena, na safari hii maneno alikuwa ameshayajua.